UZI: Unataka kuanza na nyumba ya kupangisha? Piga hesabu hizi kabla hujampigia dalali

Mpangishaji (mtoa uzi)

Wakuu, salamu zenu.

Swali la "nina akiba yangu, nianzie wapi kwenye nyumba?" linarudi humu kila mara, na majibu yake yamekuwa wimbo: ardhi haishuki bei, na kopa tu, mpangaji ndiye atakayelipa deni.

La kwanza si kweli. Bei za ardhi Japani zilifika kileleni mwaka 1991, kisha zikashuka mfululizo kwa zaidi ya miaka 10. Marekani, kati ya 2006 na 2012, bei za nyumba zilipungua kwa zaidi ya robo, na mamilioni ya watu wakajikuta wanadaiwa na benki kuliko thamani ya nyumba wanazolala. La pili laweza kuwa kweli au uongo kutegemea hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo nataka tuipige hapa taratibu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga apinge: anayeanza anunue kitu ambacho kodi anayolipa mpangaji leo inakibeba. Bei ikipanda huko mbele, hiyo ni bakshishi. Anayenunua kwa matumaini kwamba bei itapanda anabahatisha, na kubahatisha si dhambi, ila afanye kwa pesa ambayo ikipotea ada za watoto hazitatikisika.

Twende kwenye mfano. Sarafu sitaji, weka ya kwako. Nyumba inauzwa 100,000 na inapangishwa 900 kwa mwezi. Dalali anazidisha kwa 12, anapata 10,800, anakuambia "faida asilimia 10.8 kwa mwaka, mkuu, utapata wapi?" Hapo ndipo wengi wanapotoa malipo ya awali.

Sasa tuifungue hiyo 10,800. Kwanza, hakuna nyumba inayokaa na mpangaji mwaka hadi mwaka. Mmoja anahama, unapaka rangi, unatafuta mwingine, huyo anaomba aingie tarehe moja. Weka mwezi mmoja wazi kila mwaka, inabaki 9,900. Matengenezo: tenga 1,080 kila mwaka hata kama mwaka huu hakuna kilichoharibika, kwa sababu paa halivuji kidogo kidogo kwa kufuata bajeti yako. Kodi ya jengo na bima, tuseme 900. Usimamizi, asilimia 10 ya kinachokusanywa, ni 990. Najua utasema nitasimamia mwenyewe. Sawa, ila muda wako una bei, na siku ukihamishwa kikazi utamlipa mtu. Iandike sasa hivi.

Jumla ya matumizi ni 2,970. Kinachobaki ni 6,930.

Bado hatujamaliza. Nyumba hukuipata kwa 100,000. Kuna wakili, mthamini, ada za kuhamisha umiliki, ushuru wa serikali, halafu mabomba na vitasa vya kubadilisha kabla mpangaji hajaingia. Viwango hutofautiana sana nchi na nchi. Mimi naweka asilimia 10, kwa hiyo pesa iliyotoka kweli ni 110,000. Gawanya 6,930 kwa 110,000: asilimia 6.3.

Ile 10.8 ya dalali imekuwa 6.3, na hakuna aliyekuibia. Ndivyo nyumba zilivyo. Asilimia 6.3 si mbaya wala si nzuri peke yake. Ilinganishe na unachoweza kupata bila usumbufu, mfano hati fungani za serikali ya kwako, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Kama hati fungani zinalipa zaidi ya hapo na hazikupigii simu usiku kuhusu choo kilichoziba, jiulize unanunua nyumba kwa sababu gani.

Mkopo unakuja kwenye andiko linalofuata. Kama kuna swali, tupia.

Njiwa Manga

Mkuu shusha nondo, tuko pamoja. Ila swali: hiyo 900 ya kodi nitajuaje ni ya kweli? Muuzaji akisema 900 nami nikaandika 900, hesabu yote imejengwa juu ya mdomo wake.

Mpangishaji (mtoa uzi)

Umegusa penyewe. Usimuulize muuzaji, na wala usimuulize dalali anayeuza. Jifanye mpangaji. Pigia matangazo ya nyumba kama hiyo, mtaa huohuo, ulizia bei, ulizia imekaa wazi tangu lini, omba punguzo uone wanashuka mpaka wapi. Ukizungusha nyumba za kutosha utaanza kuona kodi inayotangazwa na kodi inayolipwa ni vitu viwili tofauti.

Kama nyumba inauzwa ikiwa na mpangaji ndani, omba mkataba wake, risiti au miamala ya benki ya miezi ya nyuma, na uongee naye ana kwa ana. Kuna wauzaji wanaomwingiza jamaa yao kwa mkataba wa kodi ya juu ili nyumba ionekane inalipa. Ukishahamisha umiliki, jamaa anahama.

Sasa mkopo. Nyumba ileile. Umetoa 20,000, benki imetoa 80,000 kwa riba ya asilimia 10, miaka 20, marejesho sawa kila mwezi. Marejesho ni 772 kwa mwezi, yaani 9,264 kwa mwaka. Nyumba inakubakizia 6,930. Kila mwaka unatoa mfukoni 2,334 ili uendelee kuitwa mwenye nyumba.

Rudia kusoma hapo. Mpangaji yupo, analipa, hana matatizo, na bado kila mwezi unaongezea karibu 195 kutoka kwenye mshahara wako.

Sababu yake ni moja tu: nyumba inazaa asilimia 6.3, pesa umeikopa kwa asilimia 10. Kila shilingi, dola au chochote unachokopa hapo kinakupunguzia. Mkopo unasaidia pale ambapo mavuno halisi ya nyumba yanazidi gharama ya mkopo. Yakiwa chini, ukikopa zaidi ndivyo unavyoumia zaidi. Anayeanza akishika hili moja tu katika uzi huu, mimi nimeridhika.

Nyumba hii ingebeba mkopo wa kiasi gani? Kwa masharti yaleyale, 6,930 inalipa mkopo wa kama 59,800 bila kubaki hata senti. Wakopeshaji wengi makini wanataka mapato halisi yazidi marejesho kwa robo hivi. Ukiweka sharti hilo, mkopo unashuka mpaka karibu 48,000. Maana yake wewe unatakiwa uwe na zaidi ya nusu ya bei, pamoja na zile gharama za kununulia. Huna? Basi nyumba hii si ya kwako kwa bei hii. Ama bei ishuke, ama utafute nyingine.

Kalamu Nyekundu

Mtoa uzi, heshima yako, lakini unatisha watu. Utajiri wa nyumba umejengwa kwa pesa za benki. Nikitoa 20,000 kwenye nyumba ya 100,000, ikapanda asilimia 10 tu, nimepata 10,000. Hiyo ni nusu ya pesa yangu. Nani amewahi kupata asilimia 50 kwenye hati fungani? Halafu mfumuko wa bei unakula deni. Miaka 10 ijayo 772 itakuwa pesa ya vocha, na kodi itakuwa imepanda mara mbili.

Mpangishaji (mtoa uzi)

Kalamu, karibu. Hesabu yako ni sahihi, nami sibishi namba. Ila igeuze: ikishuka asilimia 10, umepoteza nusu ya pesa yako. Ikishuka 20, huna kitu, na deni liko palepale. Kinachokuza faida ndicho kinachokuza hasara, kwa kipimo kilekile.

Kuhusu mfumuko wa bei uko sahihi kwa sharti moja: riba iwe imefungwa kwa muda wote wa mkopo. Marekani mikopo ya miaka 30 yenye riba isiyobadilika ni jambo la kawaida. Katika nchi nyingi riba huelea, na mfumuko wa bei ukipanda benki kuu hupandisha riba, kwa hiyo yule uliyemtegemea akulie deni ndiye anayekuongezea marejesho. Kwenye mfano wetu, riba ikitoka 10 kwenda 12, marejesho yanatoka 772 kwenda 881. Pengo lako linatoka 195 kwenda 300 na ushee kila mwezi, na mpangaji hajapanda hata senti.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka waulize salio: miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya unacholipa ni riba. Kwenye ule mkopo wa 80,000, mwezi wa kwanza katika 772, riba ni 667 na deni linapungua 105. Baada ya miaka 5 umeshalipa zaidi ya 46,000, na deni bado ni karibu 71,800. Kwa hiyo anayesema "nitauza baada ya miaka mitano, nitakuwa nimeshalipa sehemu kubwa" aombe jedwali la marejesho benki kabla hajasaini. Ni haki yako kupewa, na usome pia kifungu cha adhabu ya kulipa mapema.

Binti Saruji

Na mikopo ya fedha za kigeni je? Kuna mahali riba yake ni nusu ya hii ya kwetu.

Mpangishaji (mtoa uzi)

Dada, kama kodi unalipwa kwa fedha hiyohiyo ya kigeni, tunaweza kuongea. Kama unalipwa kwa fedha ya nyumbani, kaa mbali. Familia nyingi Poland na Hungaria zilikopa kwa faranga za Uswisi kwa sababu riba ilikuwa ndogo. Thamani ya faranga ikapanda, marejesho yakapanda nayo. Poland walikuwa bado wamebeba mikopo hiyo tarehe 15 Januari 2015, siku benki kuu ya Uswisi ilipoacha kuizuia faranga isipande dhidi ya yuro. Ikaruka siku hiyohiyo, na deni la nyumba likavimba bila mtu kukopa upya.

Mzee wa Risiti

Vijana mnahesabu vizuri, lakini mmeruka jambo la kwanza. Nyumba ni ya nani? Nimefanya kazi ya kupitia nyaraka miaka mingi. Watu wengi hawaumizwi na riba, wanaumizwa na karatasi.

Nchi zinazofuata mfumo wa Torrens, ulioanzia South Australia mwaka 1858, daftari la msajili ndilo linalosema mwenye mali ni nani. Karatasi aliyoshika muuzaji ni nakala tu, na nakala inaweza kughushiwa, au ikawa halali lakini mali imeshawekwa rehani. Kwa hiyo usisome hati ya muuzaji, nenda kafanye upekuzi kwa msajili. Kwingine kinachosajiliwa ni mikataba tu, si umiliki wenyewe. Huko wakili anarudi nyuma hatua kwa hatua: huyu alinunua kwa nani, na yule kwa nani, mpaka aridhike. Ulizia nchi yako iko upande gani.

Kwenye upekuzi tafuta rehani, zuio la mahakama, kodi za serikali ambazo hazijalipwa, na muda uliobaki kama ni umiliki wa miaka maalumu. Kama mali ni ya marehemu, anayekuuzia aonyeshe amri ya mahakama au mamlaka husika inayomfanya msimamizi wa mirathi, si kikao cha ukoo. Kama muuzaji ana ndoa, ulizia kama ridhaa ya mwenza inahitajika. Katika nchi nyingi inahitajika. Mpeleke mpima ahakikishe mipaka iliyoko ardhini ndiyo iliyoko kwenye ramani. Na wakili awe wako. Wakili wa muuzaji anamlinda muuzaji, hata akikuita "mteja wetu".

Pesa usimkabidhi mtu mkononi. Ikae kwa wakili au kwenye akaunti ya amana hadi uhamisho upite.

Mpangishaji (mtoa uzi)

Shikamoo mzee, na asante. Nitaongeza tu kwamba upekuzi unafanywa mara mbili: kabla ya kutoa malipo ya awali, na tena asubuhi ya siku ya kukamilisha. Katikati ya hizo siku mbili rehani mpya inaweza kuingia.

Ukaguzi wa jengo sitaurefusha. Nenda mvua inaponyesha, na nenda tena usiku. Angalia ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, hasa ukiwa mpana kuelekea juu; huo mara nyingi ni wa msingi, si wa lipu. Ukuta mmoja umepakwa rangi mpya na mingine mitatu ya zamani, uliza kwa nini. Fungua mabomba yote kwa pamoja uone presha. Mlipe fundi mwenye sifa aandike ripoti, halafu ripoti hiyo uitumie kushusha bei. Ada yake mara nyingi hurudi hapohapo.

Njiwa Manga

Mimi nilikuwa nawaza fleti. Naona nyepesi: sina paa, sina uzio, sina bustani.

Mpangishaji (mtoa uzi)

Paa unalo, unagawana tu na wenzako. Na wenzako wakigoma kulitengeneza, linavuja kwako.

Kwenye fleti unanunua vitu viwili: vyumba vyako, na hisa katika tabia za majirani. Kabla hujatoa pesa, omba mihtasari ya mikutano ya wamiliki ya miaka ya karibuni, hesabu za ada ya huduma, orodha ya wasiolipa, na salio la mfuko wa akiba wa jengo. Ada ndogo sana isikufurahishe. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna kinachotengwa kwa ajili ya lifti, pampu na nguzo.

Kisa cha Champlain Towers South, huko Surfside, Florida, kinafundisha hili kwa uchungu. Mwaka 2018 mhandisi aliandika ripoti kuhusu uharibifu mkubwa wa zege. Wamiliki wakavutana kuhusu gharama za matengenezo, nani alipe na lini. Tarehe 24 Juni 2021 sehemu ya jengo iliporomoka usiku, wakafa watu 98. Sitaki kusema mabishano ya ada ndiyo yaliyoliangusha. Sababu za kihandisi zina wataalamu wake. Ninachosema ni kwamba makaratasi ya jengo yalikuwa na habari ambayo mnunuzi angeweza kuiulizia.

Na ukishawishiwa kununua fleti ambayo bado iko kwenye ramani kwa sababu "bei ni ya chini kabla haijajengwa", jua kwamba hapo unamkopesha mjenzi. Evergrande ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za ujenzi wa nyumba China. Mwezi Desemba 2021 ikatangazwa kushindwa kulipa madeni yake ya nje, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Watu walikuwa wameshalipia nyumba ambazo hazijakamilika, na mikopo ya benki ikiendelea kuwadai. Kama lazima ununue hivyo, lipa kwa hatua za ujenzi zinazothibitishwa na mhandisi asiye wa mjenzi, na pesa ikae kwenye akaunti ambayo mjenzi haigusi mpaka hatua ikamilike.

Binti Saruji

Na kiwanja kitupu? Hakina mpangaji msumbufu.

Mpangishaji (mtoa uzi)

Wala hakina mpangaji anayelipa. Kiwanja hakikuingizii kitu, kinadaiwa kodi ya serikali, na kinahitaji jicho. Katika nchi kadhaa aliyekivamia akikaa muda mrefu bila kupingwa, sheria huanza kumsikiliza. Kama una mpango wa kujenga na umeshasoma matumizi yanayoruhusiwa na mipango miji, nunua. Kama unanunua ili "kikae tu", hiyo ni ile kubahatisha niliyosema mwanzo. Wapo waliotajirika hivyo. Waliokwama nao wapo, ila hao hawaandiki uzi.

Kalamu Nyekundu

Hapo nakubali. Swali langu la mwisho: kupandisha kodi. Mpangaji wangu analipa 900, mtaa umefika 950. Nimpandishie?

Mpangishaji (mtoa uzi)

Ukimpandishia 50 akahama, na nyumba ikakaa wazi mwezi mmoja, umepoteza 900. Hiyo 50 itakurudishia baada ya miezi 18, bila kuhesabu rangi na dalali. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza nyumba, mimi ningemwacha chini kidogo ya soko, nikampandishia taratibu kila mkataba unapoisha, kwa notisi ya maandishi inayofuata sheria ya mahali ulipo.

Mpangaji mpya, usimpokee kwa huruma wala kwa haraka. Thibitisha kipato, ongea na mwenye nyumba wa zamani, tena yule wa kabla ya aliyepo sasa, kwa sababu wa sasa anaweza kumsifia ili amwondoe kwake. Mkataba uandikwe. Siku ya kuingia pigeni picha za kila chumba, msaini orodha ya vitu wote wawili. Amana yake iweke pembeni, usiitumie. Si pesa yako.

Njiwa Manga

Na sisi tusio na nusu ya bei? Nina kama sehemu ya kumi hivi.

Mpangishaji (mtoa uzi)

Zipo njia tatu ninazoweza kuzitetea. Kuishi ndani ya nyumba na kupangisha sehemu yake, kwa sababu kodi unayoacha kulipa kwingine nayo inaingia kwenye hesabu. Kununua hisa za mifuko ya majengo inayoitwa REIT. Ilianzia Marekani kwa sheria ya mwaka 1960, na huko mfuko unatakiwa kugawa angalau asilimia 90 ya mapato yake yanayotozwa kodi kwa wenye hisa. Nchi nyingi sasa zina aina yake. Huchagui rangi ya ukuta, lakini ikiwa iko sokoni unaweza kuuza kwa siku, wakati nyumba inaweza kukuchukua miezi. Bei ya hisa hizo nayo hupanda na kushuka, usije ukaniambia sikukuambia.

Ya tatu ni kuungana.

Njiwa Manga

Hiyo ya kuungana ndiyo tunayoiwaza na kaka yangu. Naogopa tutakuja kugombana.

Mpangishaji (mtoa uzi)

Kubalianeni sasa, mkiwa mnapendana. Andikeni kwa wakili: nani ametoa kiasi gani, majina yote mawili yasajiliwe na sehemu za kila mmoja, mmoja wenu akifa sehemu yake inakwenda kwa nani, matengenezo ya kiasi gani yanahitaji wote wawili waafiki, na anayesimamia analipwa nini. Msimamizi asiyelipwa huanza kujilipa.

Halafu kifungu cha kutoka. Unachoweza kutumia ni hiki: anayetaka kutoka anataja bei ya nyumba nzima, na mwenzake ndiye anayechagua, ama anunue sehemu ya yule kwa bei hiyo, ama amuuzie ya kwake kwa bei hiyohiyo. Anayetaja bei hataipunja wala kuipaisha, maana hajui ataangukia upande gani. Kina udhaifu mmoja: kinampendelea mwenye pesa taslimu, kwa sababu anaweza kutaja bei ya chini akijua mwenzake hana cha kununulia. Kwa hiyo wekeni siku 90 za kutafuta mkopo, na kiwango cha chini kinachotokana na mthamini wa nje. Ikishindikana kabisa, nyumba inauzwa sokoni na mnagawana kwa sehemu zenu.